Mawese ya kupasha nyumba joto? Tuhesabu kwanza mbele ya kununua mashini



Katika mukutano wetu wa mwisho na koperative moja ya walimaji wa ngazi, upande wa Fizi, kijana mumoja alisimama na kutuonyesha video kwenye telefone yake. Dada yake anaishi Portland, katika jimbo la Maine, kule Marekani, muji wenye umepokea Wakongomani wengi. Katika video teluji imefunika barabara. Kamio ya tanki imesimama mbele ya nyumba, na mutu anavuta mupira murefu mupaka kwenye ukuta, anatia mafuta. Dada anasema: «Ndani ya haya mafuta kuko mafuta ya soya. Ndiyo yanatupasha joto usiku.» Kijana akazima telefone, akauliza: «Kama soya inapasha nyumba, mawese yetu inashindwa nini?»

Swali ni zuri, na halikuwa la muchezo. Siku chache mbele yetu, muchuuzi mumoja alikuwa amepita kule akiuzisha mashini ya kutengeneza biodizeli. Aliwaambia kama watu wa milima, wale wa Itombwe na Minembwe wenye wanalala na baridi, watanunua mafuta hayo na kuacha makala. Koperative iko na feza kidogo katika sanduku, zenye ziliwekwa kwa kununua kikamulio kipya. Haziwezi kununua vyote viwili. Wababa walikuwa wamegawanyika, wamama pia, na nilisikia kama wengine hawasalimiani tena vizuri juu ya jambo hilo. Nilijibu kidogo siku ile, lakini saa ilikuwa imeisha. Basi haya ndiyo majibu yangu, na nyinyi wa koperative zingine munaweza kuyatumia.

Biodizeli ni nini kweli

Wengi wanafikiri kama biodizeli ni mawese yenye imechujwa vizuri. Hapana. Mafuta ya mumea, yawe ya ngazi, ya karanga ao ya soya, ni mazito. Furu ya mazutu inafanya kazi kwa kupuliza mafuta kupitia katundu kadogo sana, yatoke kama ukungu na yashike moto. Ukitia mawese vile ilivyo, haipuliziki. Inachoma nusu, inaacha masizi na gundi, na kisha siku chache furu imezibana.

Ili mafuta yawe mepesi, yanachanganywa na alkoli fulani yenye inaitwa metanoli, pamoja na soda kali kidogo, kwenye moto wa digri 55 mupaka 60 hivi. Kisha saa moja ao zaidi yanajitenga: juu biodizeli, nyepesi, rangi ya chai, chini gliserini, nzito na nyeusi-nyeusi. Kilo 100 za mafuta safi na kilo 10 hivi za metanoli zinaleta karibu kilo 100 za biodizeli na kilo 10 za gliserini. Lakini katika kazi yenyewe watu wanatia metanoli karibu mara mbili, litri 20 kwa litri 100 za mafuta, juu bila kuzidisha kazi haiishi vizuri.

Wamama wenye wanatengeneza sabuni wanajua tayari nusu ya habari hii. Soda ni ile ile. Tofauti ni kwamba sabuni inataka maji, lakini biodizeli inayakataa. Mafuta yenye yako na maji, ao yenye uchachu mwingi, yakikutana na soda yanageuka sabuni mara moja. Na mawese yetu ya kijiji iko na uchachu mwingi, sababu tunaacha ngazi siku tatu, ine, hata juma nzima mbele ya kupika, ili zitoke kwa urahisi kwenye mukungu. Kwa kula haina shida kubwa. Kwa biodizeli ni kifo.

Mimi mwenyewe niliona hiyo kwa macho. Nikiwa mwanafunzi wa kilimo, na wenzangu wawili, tulinunua bidoni ya litri 20 sokoni, hatukupima uchachu wake, tukatia soda na metanoli, tukaenda kulala na furaha. Asubuhi tulikuta kitu kama uji mwekundu wenye umelala. Haikuwa biodizeli, na haikuwa hata sabuni ya kufulia, juu ndani yake kulikuwa metanoli. Tulichimba shimo tukamwaga. Mama mwenye alituuzia aliuliza kesho yake kama mboga zilikuwa tamu, na tulikosa la kumujibu.

Metanoli yenyewe ninaomba muiogope. Kwa macho iko sawa na kanyanga, na harufu yake inaweza kudanganya. Kidogo tu kwenye tumbo kinapofusha macho, kikizidi kinaua. Inapita hata kwenye ngozi. Tena moto wake wakati wa muchana karibu hauonekani: mutu anaweza kuungua mbele ya wengine hawajaelewa ni nini. Katika kijiji ambako bidoni moja inatumika leo kwa maji, kesho kwa pombe, kuweka metanoli ndani ya depo ya koperative ni jambo la kufikiri mara mbili.

Tena hii kazi si ngeni kwetu kama tunavyozani. Mwaka wa 1937, profesa mumoja wa Chuo Kikuu cha Bruxelles, jina lake Chavanne, alipata hati ya Ubelgiji namba 422.877 kwa njia ya kugeuza mafuta ya mumea kuwa mafuta ya motere. Mwaka wa 1938 basi ya abiria ilitembea kati ya Bruxelles na Louvain kwa mafuta ya ngazi yenye yalitengenezwa kwa njia ile. Wabelgiji walikuwa na hamu ya jambo hilo juu ya mawese yenye ilikuwa inatoka Kongo. Basi mawese inaweza kuwa biodizeli, hiyo ilijulikana tangu zamani. Ubishi wetu ni juu ya faida.

Kwa nini kule Maine inafaa

Maine iko na baridi miezi mingi ya mwaka, na hakuna jimbo lingine la Marekani lenye sehemu kubwa hivi ya nyumba zenye zinapashwa kwa mazutu. Chini ya nyumba kuko tanki na furu ya chuma. Furu inachemusha maji ao hewa, na joto linapita katika mipira mupaka vyumba vyote. Wauzishaji wanachanganya biodizeli ndani ya mazutu hiyo: 5 kwa mia, 10, ao 20. Kwa kiasi hicho, mara nyingi hakuna haja ya kubadilisha furu. Katika muji wa New York sheria yenyewe inalazimisha: tangu Oktoba 2012 mazutu ya kupasha nyumba ilipaswa kuwa na biodizeli 2 kwa mia, na Oktoba 2017 kiasi hicho kikapandishwa mupaka 5 kwa mia.

Kuko faida za kweli. Biodizeli iko karibu bila kiberiti, masizi yake ni kidogo, na kaboni yenye inatoka katika moshi wake, sehemu kubwa mumea uliivuta hewani wakati ulipokuwa unakomaa. Ndiyo maana wanasema ni nishati yenye inarudi: unaweza kuvuna tena mwaka kesho, lakini mazutu ya chini ya udongo haiwezi kurudi. (Hesabu hiyo inaharibika kabisa kama mutu anakata pori ili apande ngazi za kuwasha. Pori lenye limeungua lilikuwa na kaboni kupita mavuno ya miaka mingi.) Kuko na shida ndogondogo pia: inaosha uchafu wa zamani ndani ya tanki na kuziba filtri katika majuma ya kwanza, na inalainisha mipira ya kauchu.

Lakini sikia mafuta yenyewe yanatoka wapi. Mulimaji wa kule halimi soya juu ya furu. Ukikamua kilo 100 za soya unapata mafuta kilo 18 ao 20 tu. Karibu zote zenye zinabaki ni mashudu, chakula cha kuku na nguruwe. Soya inalimwa zaidi juu ya mashudu hayo, na mafuta yanabaki mengi. Zingine za biodizeli yao zinatoka katika mafuta ya restora yenye yamekwisha kukaanga chipsi, na katika mafuta ya nyama yenye machinjio hayana pa kupeleka. Kwa kifupi, wanawasha masalio.

Sisi mawese si masalio. Ni chakula chenyewe, ni feza ya masomo ya watoto, na ile rangi yake nyekundu ndiyo inaleta vitamini A katika sahani ya mutoto mwenye hapati nyama wala maini. Hata mafuta ya kukaanga hatuna ya kukusanya. Mama mwenye anakaanga mandazi kando ya barabara hamwagi mafuta; anaongeza mapya juu ya yale ya jana mupaka yanaisha.

Hesabu ya shamba

Nyumba ya kawaida kule Maine inaweza kuchoma litri 2.000 na zaidi katika majira moja ya baridi. Litri ya biodizeli iko na joto pungufu kidogo kuliko ya mazutu, basi tuseme litri 2.300, sawa na tani 2 hivi za mafuta. Ngazi zetu za kijiji, zile za zamani zenye mbegu kubwa, katika shamba lenye halipaliliwi vizuri, mara nyingi hazifikishi tani 1 ya mafuta kwa hektari moja kwa mwaka. Hektari 2 na zaidi, mavuno yote, mwaka muzima, kwa nyumba moja tu. Nyumba za Minembwe ni ndogo na baridi yake haifiki ile ya Maine, ninakubali. Lakini muelewe uzito wa jambo.

Hapa nitasema kitu chenye kinaniuma. Ni Yangambi, hapa kwetu, watu wa INEAC walionyesha mwaka wa 1941 namna gani unene wa ganda la mbegu ya ngazi unarithiwa, na kwa hiyo namna ya kupata ngazi yenye ganda jembamba na nyama nyingi, ile tunaita tenera. Malaysia na Indonesia wamejaza nchi zao kwa ngazi za namna hiyo. Tenera yenye inachungwa vizuri inaleta tani 3 ao 4 za mafuta kwa hektari. Sisi tungali tunapanda mbegu zenye tuliokota chini ya muti. Kama koperative inatafuta mafuta zaidi, yako pale, katika kitalu, na katika kikamulio chenye hakiachi nusu ya mafuta ndani ya makapi.

Sasa hesabu ya sanduku. Sitaandika bei, juu inabadilika kila juma na kila barabara. Ninyi chukueni bei ya bidoni ya litri 20 ya mawese sokoni kwenu. Ongezeni litri 4 za metanoli, pamoja na gharama ya kuisafirisha. Ongezeni soda, kuni za kupasha, maji ya kusafisha, na siku za kazi za watu wawili. Hiyo ndiyo bei ya litri 20 hivi za biodizeli. Kisha angalieni bidoni ya mazutu. Kama mazutu inauzwa rahisi kuliko mawese peke yake, musiendelee kuhesabu. Kila litri munatengeneza itakula feza ya koperative.

Baridi inagandisha mafuta yake yenyewe

Jambo hili muchuuzi hakulisema, labda halijui. Biodizeli ya mawese inaanza kuwa na mawingu na kuganda karibu na digri 13 mupaka 16. Ile ya soya inangojea mupaka karibu na digri 0, na hata kule Maine wanaichanganya na mazutu nyingi. Pale Baraka, kando ya ziwa, hutaona tofauti. Lakini pandisha bidoni ile ile kwenye milima yenye inapita metre 2.000, uiache usiku: asubuhi utaikuta nyeupe kama mafuta ya ng'ombe, na filtri imezibana. Saa yenye mutu anaihitaji kabisa ndiyo saa yenye inakataa.

Tena itawashwa ndani ya nini? Furu ya Maine iko na pompe na feni vyenye vinatumia umeme. Kule juu watu wako na babula na mafiga. Kwa kumuuzia mutu biodizeli, mungelazimika kumuuzia kwanza furu, kisha umeme.

Masalio yetu sisi

Basi tufuate akili yao, tuache mafuta yao. Wao wanawasha kile kinabaki. Kwetu kinabaki nini? Nendeni nyuma ya kikamulio chenu, mutaona mulima.

Katika viwanda vikubwa, tani 1 ya mikungu ya ngazi inaacha karibu kilo 130 za makapi ya nyuzinyuzi na kilo 60 za maganda magumu ya mbegu. Ni vitu hivyo vinachemusha maji ya kiwanda chenyewe. Ngazi zetu za zamani ziko na maganda mazito zaidi, basi maganda yanaweza kuzidi pale. Kilo 2 za maganda makavu ziko na joto la karibu litri 1 ya mazutu. Na mulima ule munaupita kila siku mukienda kununua kuni za kupika ngazi! Koperative nyingi zenye nimetembelea zinanunua kuni, na makapi yanaoza nyuma.

Makapi yakaushwe kwenye jua siku mbili tatu. Yanashika moto mbio lakini yanaisha mbio. Maganda yanachelewa kuwaka, lakini yakiwaka yanakaa. Kwa kupika ngazi, anzeni na makapi, kisha tieni maganda, katika mafiga yenye yamejengwa kwa matofali na yenye mulango mudogo wa hewa. Kuni zitapungua, na hiyo ni feza yenye inabaki katika sanduku bila kununua mashini yoyote.

Kwa watu wa milima, maganda yanaweza kufanywa makala. Yanachomwa ndani ya pipa yenye inafunikwa ili hewa iwe kidogo, kama munavyofanya na miti. Makala yake ni magumu, yanakaa muda murefu kwenye babula, na ule unga wenye unabaki unafinyangwa na uji wa mihogo na kukaushwa. Hiyo inapanda mulima bila kuganda. Lakini mikungu mitupu musiichome: irudisheni chini ya ngazi, juu iko na potasi yenye muti uliivuta kwenye udongo wenu.

Hapa ninasimama kidogo. Makala ya maganda, kama makala yoyote, inatoa gazi yenye haina harufu wala rangi, monoksidi ya kaboni. Kila mwaka, milimani, kuko familia zenye zinalala na babula ndani ya chumba chenye kimefungwa juu ya baridi, na haziamuki. Kuwasha inje mupaka moshi uishe hakutoshi. Makala mekundu bila moshi ndiyo inatoa gazi ile zaidi. Pasheni nyumba mbele ya kulala, mulango ao dirisha iache nafasi, kisha toeni babula inje. Kama mutauza makala hayo, mumwambie kila munuzi maneno haya pamoja na bei.

Mahali pamoja ninaweza kukubali

Kuko vijiji vya ndani sana, tuseme upande wa Shabunda, ambako mazutu inafika kwa pikipiki ao kwa muguu, na bei yake inapanda kwa kila muto, lakini mawese inakosa njia ya kutoka na inauzwa bure. Hapo hesabu inaweza kugeuka. Lakini si kwa kupasha nyumba: ni kwa motere ya mashini ya kusaga, juu unga ule unahitajiwa kila siku. Na hata pale, kazi ya kwanza ni kupika ngazi zikiwa mbichi, siku moja ao mbili kisha kukatwa, ili uchachu ushuke. Koperative ya namna hiyo ikiniita nitakuja na vifaa vya kupima.

Kule Fizi hawajaamua bado. Tulipatana watu watatu waandike, kwa juma ine, bei ya mawese, bei ya mazutu na feza zenye zinatoka kwa kuni, na wapime pia makapi na maganda ya kila siku ya kukamua. Kijana wa video ndiye anashika daftari. Ameniambia kama amemwandikia dada yake pia, amuulize nyumba yao inalipa ngapi kwa baridi moja.